Sura ya Saba: Nani Atamwulizia Wallace?

Katika tamthilia iitwayo The Wire, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani tarehe 2 Juni 2002 na kukoma tarehe 9 Machi 2008 baada ya misimu 5 yenye sehemu 60, watu wanaokufa ni wengi, na aghalabu hufa upesi, bila ya muziki wa kuwaliza watazamaji na bila ya wosia wa kuuaga ulimwengu. Lakini mtu aliyeifuata tamthilia hiyo tangu mwanzo wake, ukimwuliza hata baada ya miaka mingi ni mauti yapi yaliyomkaa moyoni, hatakuanzia kwa mabwana wakubwa wa biashara ya unga, bali atakuanzia kwa kijana wa miaka 16 aitwaye Wallace, aliyeuawa na sahibu zake wawili ndani ya nyumba mbovu alimokuwa akiwalea watoto wasio wake. Nami naanza kwake, kwa kuwa vifo vyote vinavyofuata katika kisa hicho kirefu hupimwa kwa kifo chake, na kwa kuwa kifo hicho kimenifanya niamini ya kwamba huzuni ya tanzia haitoki katika damu iliyomwagika, bali katika waliobaki nyuma: nani miongoni mwao atakayemwulizia marehemu, na nani atakayekwenda zake kana kwamba marehemu hakuwahi kuwako.

Walioitunga tamthilia hii hawakuwa wageni wa mauti. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la The Baltimore Sun, na mwaka 1988 aliruhusiwa kukaa mwaka mzima pamoja na wapelelezi wa mauaji wa polisi ya Baltimore, mwaka ambao waliuawa watu 234 katika mji huo. Akatoka humo na kitabu kinene kilichochapishwa mwaka 1991, na ndani yake akaueleza ubao mkubwa wa ofisini, ambapo jina la kila aliyeuawa huandikwa kwa wino mwekundu hata muuaji apatikane, ndipo liandikwe upya kwa wino mweusi. Ubao huo umo katika The Wire pia, na wakubwa wa idara huutazama kwa rangi ya wino kabla ya kuutazama kwa majina. Mwenzake, Ed Burns, aliitumikia polisi ya mji huo huo miaka 20, kisha akawa mwalimu wa shule, na wote wawili waliandika kitabu kingine, kilichotoka mwaka 1997, juu ya familia moja na kijiwe kimoja cha kuuzia unga upande wa magharibi ya Baltimore.

Simon amesema zaidi ya mara moja kwamba katika kutunga hawakumfuata Shakespeare, ambaye mashujaa wake huangushwa na kasoro za nafsi zao, bali waliwafuata Wayunani wa kale, ambao kwao binadamu hushindana na miungu isiyomjali. Na mahali pa miungu wakaweka idara ya polisi, bandari, shule, ofisi ya meya, gazeti, na biashara ya unga yenyewe. Msomaji aliyepitia Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya mchezo wa Sophocles, atakumbuka jinsi ajali iliyoandikwa inavyokimbiwa, na kila hatua ya kuikimbia ikawa hatua ya kuikaribia.

Wallace anakaa katika nyumba iliyohamwa na wenyewe, karibu na majengo ya serikali, ambamo umeme huletwa kwa waya mrefu wa wizi, pamoja na kundi la watoto wadogo ambao hapana mtu mzima anayejishughulisha nao; na kila asubuhi huwaamsha, akampa kila mmoja pakiti ya krispi na kijiboksi cha juisi, akawahimiza waende shule. Siku moja mtoto anamletea hesabu: basi lina abiria kadha, hawa wanashuka na wale wanapanda, je, wamebaki wangapi? Mtoto anabahatisha na kukosea. Wallace anaigeuza hesabu ile ile kuwa ya kete za unga, kwamba umepewa kete kadha, mteja huyu kachukua hizi, bosi kakuongezea zile, na mtoto anajibu papo hapo pasi na kukosea. Anapoulizwa imekuwaje hesabu ya kete aiweze na ya basi imshinde, anaeleza kwa maneno makali ya mtaani kwamba hesabu ya kete ukiikosea, utaumizwa. Tukio lote halizidi dakika chache, na hakuna ndani yake machozi wala mawaidha, lakini mtazamaji anapotoka hapo amekwisha kumpenda kijana huyu pasi na kujijua, na mtunzi amekwisha kumweka mahali ambapo kumpoteza kutakuwa na maumivu.

Mwanzo wa maangamizi yake ni simu aliyopiga mwenyewe. Bwana mkubwa wa mtaa, Avon Barksdale, alikuwa akiwatafuta wanyang'anyi waliomwibia mali yake, nao ni Omar Little na wenziwe. Wallace akamwona mmoja wao, Brandon, mwandani wa Omar, katika ukumbi wa michezo ya mashine, akapiga simu kueleza, kama alivyoamriwa. Usiku ule Brandon akateswa hata akafa, na maiti yake ikalazwa juu ya boneti ya gari karibu na nyumba ya Wallace, iwe ibra kwa mtaa mzima. Kamera inaanzia kwenye maiti ile, inafuata waya wa umeme ukutani mpaka dirishani, inaingia ndani na kumkuta kijana akiamka kuwaamsha wanawe. Hata anapotoka na kuona jicho moja la Brandon lilivyoharibiwa, kitu kinavunjika ndani yake, na tangu siku hiyo hataki kutoka kitandani, anavuta unga anaowauzia wengine, na mwishowe anawafungulia polisi moyo wake na kusema yote ayajuayo.

Polisi wakampeleka kwa bibi yake, mashambani ng'ambo ya Ghuba ya Chesapeake, ambako usiku anashtushwa na sauti za nyenje, sauti asizopata kuzisikia katika umri wake wote; na naam, hapo palikuwa na salama. Lakini mpelelezi mmoja wa kikosi cha polisi kilichokuwa kikimchunguza Avon alipigwa risasi kazini, na katika msukosuko uliofuata hapana aliyekumbuka kumpigia Wallace simu, hata ya kumjulia hali; ilhali kijana wa miaka 16 hawezi kuishi kwa salama peke yake, anataka kutambuliwa pia. Akarudi mjini kwa hiari yake. Amri ya kumwua ikatolewa na Stringer Bell, naibu wa Avon, naye hakuwatuma wauaji wa kazi hiyo, bali alimtuma Bodie, aliyekulia pamoja na Wallace katika uwanja mmoja, na Poot akafuatana naye.

Sehemu hiyo, ya kumi na mbili ya msimu wa kwanza, iliandikwa na George Pelecanos, mtunzi wa riwaya za uhalifu kutoka Washington, ambaye katika kila msimu alipewa sehemu inayotangulia ya mwisho, ile ambayo mizigo yote iliyorundikwa huanza kuporomoka. Wallace anaingia chumbani akiwatafuta watoto na kukuta hawapo. Anageuka, anaiona bastola. Anaanza kuwakumbusha wenziwe kwamba wao ni rafiki, kwamba ni yeye huyu, Wallace wao. Bodie, ambaye siku nzima amejifanya mtu mgumu, mkono unamtetemeka na macho yanajaa machozi. Poot anamhimiza amalize. Anafyatua mara moja, kisha anashindwa, na Poot anaichukua bastola mkononi mwake na kuikamilisha kazi. Mwigizaji wa Wallace, Michael B. Jordan, aliyekuja kujulikana ulimwengu mzima baadaye, alikuwa na umri wa miaka 15 tu, na mwili wake mwembamba, uliojikunyata ukutani, unafanya kile ambacho hotuba yoyote isingefanya.

Ni baada ya hapo ndipo linapokuja tukio ambalo kwangu ndilo kilele cha msimu ule. D'Angelo, mpwa wa Avon, aliyekuwa msimamizi wa vijana wale uwanjani, yumo mahabusi, na Stringer anakuja kumtembelea pamoja na wakili wa kampuni yao. D'Angelo hataki kusikia habari za kesi. Anauliza tu Wallace yuko wapi. Stringer anakwepa. Anauliza tena, na tena, sauti ikipanda, na kila ukimya wa Stringer unakuwa jibu. Katika nchi yote ile ya saruji na vizuizi vya chuma, huyu ndiye mtu wa pekee aliyeuliza kwa sauti, na kwa kuuliza kwake alijitia mwenyewe katika daftari la watakaokufa.

Alikufa katika msimu wa pili, naye akiwa amehukumiwa miaka 20 kwa kuwa mama yake, Brianna, alimshika mkono na kumsihi abebe kifungo kuliko kuwashuhudilia jamaa zake. Gerezani anajiunga na kikundi cha kusoma vitabu, na wanapokizungumza The Great Gatsby cha F. Scott Fitzgerald, anatoa maoni ambayo hapana profesa angeyaonea haya: kwamba mtu anaweza kubadili mavazi, nyumba na jina, lakini aliyoyatenda hayamwachi. Muda si mrefu anaingia mtu katika stoo ya maktaba ile, anamnyonga kwa mshipi, na kuufunga mshipi kwenye kitasa cha mlango ili ionekane kwamba amejiua. Amri ni ya Stringer tena, na safari hii hata Avon, mjomba wa marehemu, hakuambiwa. Idara ya magereza ikaandika kuwa ni kujiua, na jambo likafungwa.

Aliyelifungua ni mpelelezi Jimmy McNulty, kwa ushupavu wake wa kawaida ambao mara nyingi ni kiburi tu, lakini mara hii ni insafu. Anampelekea habari mwanamke aliyezaa na D'Angelo, na Brianna anapokuja kulalamika kwa nini hakuambiwa yeye mzazi kwanza, McNulty anamjibu kwamba alikuwa akimtafuta mtu aliyemjali kijana yule. Ni jibu katili, na sijui tukio jingine katika televisheni ambalo mama mzazi anaumbuliwa kwa maneno machache kiasi hicho. Na uso wa Brianna, uliokuwa wa chuma kwa misimu miwili na zaidi, unaporomoka bila ya yeye kutoa kilio.

Msimu huo wa pili una maiti nyingine, nazo aghalabu husahauliwa na wanaoorodhesha vifo vya tamthilia hii, jambo linalonisikitisha. Ni wanawake 13 waliokutwa ndani ya kontena bandarini, waliokufa kwa kukosa hewa wakisafirishwa kwenda kuuzwa, na mmoja zaidi aliyeonekana akielea majini. Hawana majina. Wakubwa wa polisi wanasukumiana kesi yao, kwa kuwa majina 14 ya wino mwekundu ni aibu katika hesabu ya mwaka. McNulty, aliyemtoa majini yule mmoja, anajiwekea nadhiri ya kumtafutia jina lake, azikwe kama mtu aliyekuwa na aila. Anafuata barua iliyokutwa katika nguo za marehemu, anauliza huku na huko, na mwishowe anashindwa, na mwili unaachiliwa upelekwe kwa wanafunzi wa udaktari. Mtunzi dhaifu angempa jina dakika ya mwisho. Hawa hawakumpa, na kwa kumnyima huko wamenifanya nimkumbuke zaidi ya wengi wenye majina. Kwa ajili ya maiti hizo ndipo Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha makuli wa bandari aliyekuwa akifumba macho kwa fedha za magendo ili kazi za watu wake zisife, anapoanza kuungua rohoni. Na siku anapoazimia kusema yote, habari zake zinavuja, naye anatembea peke yake kwenda kuonana na mabwana wa magendo chini ya daraja la Francis Scott Key, lile lile lililogongwa na meli na kuporomoka tarehe 26 Machi 2024. Kinachofuata twakiona siku ya pili, mwili unapoopolewa majini.

Stringer Bell mwenyewe alikufa mwishoni mwa msimu wa tatu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kumlilia Stringer, ambaye ndiye aliyeamuru Wallace na D'Angelo wauawe, ni kazi ngumu ambayo Pelecanos na Simon waliifanya pasi na kumsafisha. Stringer, aliyeigizwa na Idris Elba, Mwingereza mzaliwa wa London, alikuwa akisomea uchumi katika chuo cha jioni, akifanya mikutano ya wauza unga kwa kanuni za mikutano, na akijenga majumba ya kifahari kwa fedha chafu apate kuwa mfanyabiashara wa halali. Usiku mmoja kabla ya kufa kwake, yeye na Avon, marafiki tangu utotoni, wanasimama katika roshani inayoitazama bandari ya Baltimore iking'ara kwa taa, wakinywa na kukumbushana walivyokuwa wakiiba madukani wakiwa watoto. Na mtazamaji peke yake ndiye ajuaye kwamba kila mmoja amekwisha kumwuza mwenziwe, Stringer kwa kumpa meja wa polisi anwani ya maficho ya Avon, na Avon kwa kuwaambia maadui saa na mahali atakapokuwapo Stringer. Wanakumbatiana. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kukumbatiana huko ni unafiki, nami sikubali: kila mmoja alimpenda mwenziwe kwa dhati, na kila mmoja alikuwa na biashara iliyomtaka amwuze, na yote mawili yamo katika mikono ile ile.

Kesho yake Omar na mwuaji wa kukodiwa, Brother Mouzone, wakamfuata ndani ya jengo lake mwenyewe lisilokwisha, kati ya madirisha yasiyo na vioo na ubao wenye jina la kampuni yake. Elba amesimulia hadharani kwamba katika maandishi ya awali Omar alikuwa aikojolee maiti, naye akakataa, na jambo hilo likaondolewa. Alifanya vyema, kwa kuwa fedheha ile ingeupunguza uzito wa mauti yenyewe. Baadaye McNulty, aliyemwinda kwa miaka, anaingia katika nyumba yake na kuikuta nadhifu, yenye samani za mtu mwenye kuchagua. Anatoa rafuni kitabu cha Adam Smith juu ya utajiri wa mataifa, anakitazama, na anajiuliza alikuwa akimfukuza nani siku zote hizo. Ndiyo taazia ya pekee Stringer aliyoipata kwa mtu ambaye hakuwa wake.

Kuna aliyepata zaidi. Februari 2004 alifariki dunia Robert F. Colesberry, mtayarishaji mkuu wa tamthilia, aliyeongoza sehemu ya mwisho ya msimu wa pili na ambaye pia aliigiza mpelelezi mdogo, Ray Cole, mwenye maneno machache na bahati kidogo. Wenziwe wakaamua kwamba Cole naye afe, wapate kumlilia Colesberry mbele ya hadhira. Katika sehemu ya tatu ya msimu wa tatu maiti ya Cole imelazwa juu ya meza ya biliadi ndani ya baa ya Kiayalandi, sigara kubwa vidoleni na chupa pembeni. Sajini Landsman anamsifu kwa ukweli, bila ya kumpamba kuwa alikuwa bora kuliko wote, na polisi wote wanaimba wimbo wa The Pogues, mikono mabegani, wakilia kwa kilio ambacho si cha kuigiza. Katika sehemu hiyo hiyo, mwanamke wa kundi la Omar aitwaye Tosha anauawa mtaani, na mpelelezi Bunk anapofika kutazama, anawakuta watoto wakicheza mchezo wa mauaji yale yale, wakigombania nani awe Omar. Matanga mawili yamewekwa bega kwa bega: moja la heshima na nyimbo, la pili la watoto wenye bunduki za miti.

Bodie hakupata hata hilo. Msimu wa kwanza D'Angelo aliwakuta yeye na Wallace wakicheza dama kwa vipande vya sataranji, akawafundisha mchezo wenyewe, na Bodie akavutiwa na askari wadogo wa mstari wa mbele, akataka kujua kama mmoja wao aweza kufika mwisho wa ubao na kuwa mkubwa. D'Angelo akamwambia kwamba aghalabu hutolewa mapema. Misimu mitatu ikapita. Mabwana wakafungwa au wakauawa. Bodie akabaki kwenye kijiwe kibaya, mwaminifu kwa kampuni isiyokuwako tena, hata alipoona mwili wa mwenziwe Little Kevin ukitolewa ndani ya nyumba mahame ambamo watu wa bwana mpya, Marlo Stanfield, walikuwa wakificha waliowaua, hasira zikamzidi. McNulty akamchukua mpaka bustani ya miti, wakala chakula cha mchana juu ya benchi, na Bodie akasema kwamba tangu utoto hakuwahi kuiba wala kuchongea, alifanya kila alichoambiwa, na sasa anajiona kama wale askari wadogo wa sataranji. Alionekana akiwa na polisi, na hilo lilitosha. Usiku wauaji wanakuja. Poot anamsihi wakimbie. Bodie anakataa kuiacha pembe yake, anasimama katikati ya njia akirusha risasi na kupiga kelele, na anayemwua ni kijana aliyetokea nyuma yake, ambaye hakumwona. Nilipoliona tukio hilo mara ya kwanza nilimwona shujaa. Sasa namwona pia mvulana aliyeua rafiki yake akiwa na miaka 16 na ambaye tangu hapo hakuwa na mahali pa kukimbilia.

Namjia Omar. Msomaji wa pwani hawezi kumtazama mtu huyu asimkumbuke Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913: jabari asiyedhuriwa na silaha, mwenye kutisha mji kwa jina lake tu, ambaye sultani wa Pate alimshindwa hata akamrubuni mwanawe mwenyewe, na mtoto huyo akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba naye amelala. Omar Little, aliyeigizwa na Michael K. Williams, hutembea mchana akipiga mluzi wa wimbo wa kitoto, na mitaa mizima hufunga milango. Amepigwa risasi akapona. Ameruka kutoka ghorofa ya juu akavunjika mguu na kutoweka. Na katika sehemu ya nane ya msimu wa tano, akichechemea kwa gongo lake, anaingia dukani kununua pakiti ya sigara, muuzaji akiwa nyuma ya kioo kinene. Mlango unafunguka, Omar anatupa jicho, anaona ni mtoto tu, anageuka. Na mtoto huyo, Kenard, anampiga risasi ya kichwa. Watazamaji wengi wamemtambua Kenard kuwa mmojawapo wa wale waliokuwa wakigombania kuwa Omar katika mchezo wao.

Wako waliokasirika, wakisema shujaa kama huyo alistahili kufa katika mapambano makubwa. Mimi naona kinyume. Liyongo, alipohisi mauti, alikwenda kupiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa hivyo, na watu kwa siku kadhaa wasithubutu kusogea kuteka maji. Mji ulimwogopa hata maiti yake. Omar hakuachiwa saa hiyo ya mwisho ya kujipanga. Gazetini mhariri, mwenye nafasi ya habari fupi moja tu, anaipitia habari ya mtu mweusi aliyeuawa dukani, kisha anaichagua nyingine. Na katika chumba cha maiti, mfanyakazi anagundua kwamba kadi ya jina la Omar imewekwa juu ya maiti ya mzee wa kizungu, na ya mzee juu ya Omar. Anazibadilisha, anafunga mfuko, anaendelea na kazi. Mitaani, wakati huo huo, zinaanza kusimuliwa habari za jeshi zima lililohitajika ili kumwangusha. Williams mwenyewe alifariki tarehe 6 Septemba 2021, mwenye umri wa miaka 54, na huzuni iliyotanda siku ile ilionyesha ni wangapi waliokuwa bado wanamlilia Omar.

Katika sehemu inayofuata anakufa Snoop, mwanamke kijana aliyewaua wengi na kuwafukia kwa chokaa ndani ya nyumba mahame, na ambaye mtazamaji angetarajiwa kukifurahia kifo chake. Amemchukua Michael, kijana aliyemfundisha kuua, kwenda naye kumwua. Michael ameng'amua kwa kutumia mafunzo ya Snoop mwenyewe, na sasa bastola imeelekezwa kwa Snoop ndani ya gari. Snoop haombi. Anajitazama katika kioo cha pembeni, anauliza nywele zake ziko vipi, na Michael anamwambia kwamba ni nzuri. Katika pumzi moja tu tunakumbushwa kwamba hata huyu alikuwa na asubuhi zake za kujipamba.

Kati ya vijana watatu wa uwanja ule, Wallace, Bodie na Poot, aliyeishi ni Poot. Katika msimu wa tano Dukie, mtoto mpole aliyekosa mlezi na kuacha shule, anaingia katika duka la viatu kuomba kazi, na anayemhudumia, kavaa sare ya duka, ni Poot, mwenye tabasamu la mtu aliyechoka mapema. Anaeleza kwamba kijiwe kilimchosha. Anamhurumia Dukie, lakini umri wake bado ni mdogo kwa kazi ya duka. Basi anamshauri avumilie kwenye vijiwe kwa sasa, na arudi kwake atakapokua. Hapana anayemwuliza Poot habari za Wallace, naye hamtaji, na Dukie anatoka mikono mitupu kurudi mtaani.